Buhongwa: Laki tano za mfumo na ndoto ya mshahara wa dola

Mwambie mwenye shule binafsi wa Buhongwa kwamba mfumo wa kukusanya ada na kutoa matokeo utamgharimu shilingi milioni tatu. Atakusikiliza kwa adabu, atakuagizia soda, kisha atauliza: hiyo bei ni pamoja na kompyuta? Ukimjibu kwamba kompyuta atanunua mwenyewe, mazungumzo yatashuka taratibu hadi laki tano, nusu sasa hivi na nusu mambo yakikaa sawa. Na mambo, kama wote tujuavyo, huchukua muda kukaa sawa.

Hilo ndilo soko analolikuta kijana aliyemaliza chuo akitaka kuishi kwa uhandisi wa programu. Buhongwa ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Ukitoka mjini unapita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani ndipo unafika. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) hakiko mbali, pale Malimbe. Stendi kuu ya mabasi iko Nyegezi. Nyumba mpya zinazidi kukwea vilima vya mawe, na katika vyumba vya kupanga vya huku hutakosa mlango mmoja ambao ndani yake kuna laptopu ya mtumba, feni, ekstensheni iliyojaa chaja, na kijana anayehesabu bando lililobaki.

Kijana huyo ameambiwa tangu kidato cha nne kwamba asome kompyuta, dunia nzima inamhitaji. Ameambiwa na wajomba, ameambiwa kwenye semina za hotelini, ameambiwa na video za watu wanaofanyia kazi ufukweni. Si uongo. Wapo Watanzania wanaolipwa vizuri sana kwa kuandika programu, wengine wakiwa wamekaa majumbani mwao na kulipwa na kampuni ambazo ofisi zake hawajawahi kukanyaga. Kinachorukwa katika masimulizi hayo ni sehemu ya katikati: mtu anatokaje kwenye laki tano ya shule hadi akafika huko?

Wengi hujibu haraka kwamba tatizo ni elimu. Sidhani. Masomo yapo tele na mengi ni ya bure. Chuo Kikuu cha Harvard kimeweka mtandaoni kozi yake maarufu ya CS50 ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata bila kulipa senti. Mwenye bando, subira na Kiingereza cha kusomea anaweza kujifunza Python au JavaScript akiwa Buhongwa kama ambavyo angejifunza akiwa Nairobi. Kinachomkwamisha kiko mbele kidogo: hana mahali pa kukosea akiwa chini ya jicho la mtu ambaye makosa hayo alikwisha kuyafanya.

Chukua jambo la ada hilo hilo. Mzazi yuko sokoni, analipa shilingi 350,000 kwa simu. Kampuni ya simu inatuma taarifa kwenye seva ya shule kwamba fulani amelipa, kumbukumbu namba ni hii. Seva inapokea, inaandika malipo kwenye hifadhidata, na kabla haijajibu kwamba imepokea, mtandao unakatika. Kampuni ya simu haikupata jibu, kwa hiyo inatuma taarifa ile ile mara ya pili. Mfumo ulioandikwa na mtu aliyejifunza peke yake chumbani unaichukua kama malipo mapya, na mtoto anaonekana amelipa 700,000. Hakuna anayelalamika, mzazi gani atalalamika? Mhasibu anakuja kugundua mwisho wa muhula, taarifa ya benki na ya mfumo zikikataa kulingana, na kufikia hapo watoto wa namna hiyo ni arobaini.

Dawa yake ni mistari michache. Kabla ya kuandika malipo, angalia kama kumbukumbu namba hiyo imekwisha kuandikwa. Kama ipo, usiandike tena, jibu tu kwamba umepokea. Na katazo hilo liwekwe kwenye hifadhidata yenyewe, lisiachiwe programu peke yake, maana taarifa mbili zinaweza kuingia ndani ya sekunde moja na kila moja ikajiona ndiyo ya kwanza. Hakuna ugumu wowote katika kuiandika mistari hiyo. Ugumu ni kujua kwamba inahitajika kabla hujaumia. Aliyekaa miaka mitatu kwenye mfumo unaopitisha maelfu ya malipo kwa siku anaiandika bila hata kujiuliza, na kampuni ya London inapotangaza mshahara mnono, inachonunua ni hayo mazoea. Lugha ya kompyuta yenyewe wanaijua wengi.

Sasa angalia jinsi soko la nyumbani linavyomnyima mtu mazoea hayo. Shule, saccos na maduka ya dawa hununua mfumo kama wanavyonunua kabati: unalipa mara moja, unaletewa, unawekwa pembeni, habari imekwisha. Fedha ya matunzo haimo kwenye bajeti. Kijana akishapokea laki mbili na nusu ya mwisho, akiipokea, anahamia kwa mteja mwingine, maana kodi ya chumba haingoji. Miezi sita baadaye mfumo unapoanza kugoma, yeye hayupo pale kuona umegoma vipi na kwa nini. Mwalimu wa taaluma anarudi kwenye Excel. Baada ya miaka minne kijana ana mifumo kumi na tano kwenye wasifu wake, yote ya mwaka wa kwanza. Ameanza mara kumi na tano.

Wakubwa wa kumshika mkono ni wachache, na uchache huo una historia. Kompyuta ya kwanza serikalini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine likaenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nazo zilikumbwa. Marufuku ilikuja kulegezwa taratibu, na sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ikatoka mwaka 2003. Piga picha ya mtu ambaye angeanza kazi hii mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 24. Kufikia 2005 angekuwa mzee wa fani, ana vijana kumi aliowalea, na kila mmoja wao naye ana wa kwake. Kizazi hicho kingekuwa ndicho kinawafanyia usaili watoto wa leo. Hakikupata kukua.

Hata kitu tunachokigusa kila siku hakikuandikwa huku kwetu. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, na ilipofika Tanzania mwaka uliofuata, mtambo wake ulikuwa umetengenezwa Uingereza kwa ajili ya Vodafone. Sisi tulitoa wateja, mawakala na maarifa ya matumizi ambayo wenyewe hawakuyatarajia. Uzoefu wa kuujenga mtambo na kuukarabati usiku wa manane walibaki nao wengine. Mabenki yetu nayo, kwa sehemu kubwa, hununua mifumo yao mikuu kutoka kampuni za India na Ulaya, na kazi inayobaki kwa Mtanzania ni kuisimamia.

Lakini upo upande wa pili ambao hausifiwi inavyostahili. Mkazi wa Buhongwa akilipa bili ya maji ya MWAUWASA hupewa namba ya malipo, ile ndefu inayoanza na 99. Nyuma ya namba hiyo kuna GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulioanza kazi mwaka 2017, na ulioandikwa na Watanzania, watumishi wa umma. Mwaka 2023 manunuzi ya serikali nayo yalihamia NeST, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani kuchukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Waliokaa na mifumo hiyo wameyaona yote: malipo yanayojirudia, mwisho wa mwaka wa fedha ambapo kila halmashauri inaingia kwa mpigo, seva inayoishiwa nafasi siku ya Jumapili. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo shule kubwa kuliko zote za uhandisi wa programu tuliyo nayo, kuliko chuo chochote, na ni ajabu kwamba hatuizungumzii hivyo.

Tabu ni kwamba shule yenyewe iko zaidi Dodoma na Dar es Salaam, na mlangoni kuna foleni. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596 za kada mbalimbali, waombaji walikuwa 135,027. Ni zaidi ya watu 84 kwa kila kiti. Mwenye shahada ya kompyuta anaingia kwenye ukumbi wa usaili pamoja na mhasibu, mwanasheria na mwanauchumi, na hata kama kila mmoja anashindania kada yake, umati ndio huo.

Tuseme basi amepata kampuni binafsi inayomlipa 1,500,000 kwa mwezi, fedha ambayo Mwanza si haba. Asilimia 10 inakwenda NSSF, yaani 150,000. Kodi ya mapato inakatwa kwenye 1,350,000 iliyobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 233,000. Kama alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, 225,000. Mkononi anabaki na 892,000. Hapo bado nauli, chakula, kodi ya nyumba, na yule mdogo wake aliyepangiwa shule ya bweni na ambaye familia nzima imekubaliana, bila kumuuliza, kwamba kaka wa kompyuta ndiye atakayemlipia. Ndipo jicho linapohamia kwenye dola.

Mlango wa ng'ambo

Upo wakati mlango huo ulionekana kufunguka kwa wanagenzi. Mwaka 2014 kampuni ya Andela ilianzishwa Lagos kwa wazo zuri: chukua vijana wenye akili wasio na uzoefu, walipe huku ukiwafundisha, kisha waunganishe na kampuni za Marekani. Ilifungua Nairobi, Kampala na Kigali. Kwa vijana wa ukanda wetu ilikuwa ndiyo ile ngazi ya katikati inayokosekana. Septemba 2019 Andela ilitangaza kupunguza wahandisi wachanga zaidi ya 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo ya wazi kwamba wateja wake walitaka wenye uzoefu, si wanaoanza. Sijui tukio jingine katika sekta hii lililosema ukweli wa soko kwa ufupi namna hiyo. Kampuni iliyokuwa na fedha za wawekezaji, walimu na wateja mkononi ilishindwa kuwauza wanaoanza. Kijana wa Buhongwa atajiuzaje peke yake?

Kisha likaja la 2022. Meta iliachisha kazi watu 11,000 Novemba ya mwaka huo, Google ikafuata na 12,000 Januari 2023. Watu waliotoka huko, wenye majina hayo mazito kwenye wasifu wao, wakaingia kwenye soko lile lile la kazi za mbali ambalo kijana wetu analipigia hodi. Na Novemba hiyo hiyo ya 2022 ikazinduliwa ChatGPT.

Akili mnemba imemfanyia mwanafunzi wa Buhongwa jambo jema na jambo baya kwa wakati mmoja. Jema ni kwamba sasa ana wa kumuuliza. Saa saba za usiku, programu imegoma kwa kosa lisiloeleweka, hana mwalimu wala mwenzake. Anauliza na anaelezwa, na mara nyingi anaelezwa vizuri. Baya ni kwamba kazi ndogo ndogo ambazo zamani alipewa mgeni kazini ili azoee, kurekebisha fomu, kuandika majaribio, kutafsiri programu kutoka lugha moja ya kompyuta kwenda nyingine, sasa mkubwa anazimaliza mwenyewe kwa msaada wa mashine kabla ya chai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha Agosti 2025 kwamba Marekani kwenyewe ajira za waandishi wa programu wenye miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimepungua kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele cha mwishoni mwa 2022, wakati wakubwa wao hawakutikiswa hivyo. Na mashine hiyo hiyo iliyomweleza vizuri haimwambii kwamba ada imeandikwa mara mbili, kama yeye hakujua kuuliza.

Kuna kazi nyingine ya mtandaoni inayopachikwa jina hili hili la teknolojia, nayo ni ya kuweka alama kwenye data ili mashine zijifunze. Nairobi iliifahamu kwa uchungu: Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba wafanyakazi wa Kenya waliochuja maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI walikuwa wakipata chini ya dola mbili kwa saa. Ni kibarua. Mtu anaweza kukifanya miaka mitano na asisogee hatua moja kuelekea uhandisi, na ni vizuri kumwambia mtoto hivyo kabla hajajiandikisha.

Anayepenya bado ana vikwazo ambavyo mwenzake wa Lisbon hajawahi kuviota. Kikwazo cha kwanza ni kupokea fedha. Kwa miaka mingi PayPal imemruhusu Mtanzania kulipa lakini si kupokea, ilhali Mkenya hupokea. Stripe, inayotumiwa na biashara nyingi za mtandaoni duniani, haijamweka Mtanzania kwenye orodha ya nchi zake. Kwa hiyo mtu anazunguka kwa Payoneer au kwa benki, na kila kona inakata chake. Tangu Machi 2025 kanuni za fedha za kigeni zinazuia bei na malipo ya ndani ya nchi kuwa kwa dola, hivyo dola lazima itoke nje kweli. Na ikitoka nje, TRA inaihesabu: mkazi wa Tanzania anatozwa kodi kwa kipato chake chote, popote kilikotoka. Wengi wa hawa vijana hawalijui hilo hadi siku wanapotaka mkopo wa nyumba na benki inaomba karatasi.

Saa nazo zina ugomvi wao. Saa tatu asubuhi ya California ni saa moja jioni ya Mwanza, na baridi ya kwao ikiingia ni saa mbili usiku. Kikao cha timu kinachoanza baada ya chakula chao cha mchana kinakufikia usiku wa manane. Mvulana anayeishi peke yake atasema atalala asubuhi. Binti anayeishi kwa wazazi Buhongwa, akionekana anazungumza na wanaume kwenye kompyuta hadi saa nane za usiku, atakuwa na maelezo ya kutoa sebuleni kabla ya kwenda kupika uji. Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls Dar es Salaam mwaka 2013 kwa kuona kwamba wasichana wanahitaji mafunzo yao wenyewe ya programu. Hili la saa za kazi ni sehemu ya tatizo lile lile, na mafunzo hayalimalizi.

Umeme umekuwa afadhali. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulivunja mikataba ya watu, kisha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla, ikaanza kuwashwa mmoja mmoja kuanzia Februari 2024. Mtandao ndio wenye kisa kirefu. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi ikakaa siku kadhaa ikitambaa. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi baada ya siku kadhaa. Waya ukikatika baharini unaweza kumweleza mteja wa Berlin naye ataelewa, hata kama hatafurahi. Intaneti ikizimwa, huwezi hata kumwandikia kwamba umezimiwa. Anachokiona yeye ni mtu aliyepotea katikati ya kazi bila kuaga. Mteja wa namna hiyo haandiki barua ya malalamiko, anatafuta mwingine. Kuna pia suala la VPN, ambayo kampuni nyingi za nje humtaka mfanyakazi aitumie ili aingie kwenye mifumo yao. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitaka watumiaji wa VPN wajiandikishe, na mwenye kupuuza agizo hilo anakaa roho juu.

Nitasema jambo ambalo halitawapendeza waandaaji wa semina: dola si shabaha nzuri kwa mwaka wa kwanza. Benjamin Fernandes alipoanzisha NALA mwaka 2017 alianza na programu ya watumiaji wa fedha za simu hapa hapa Tanzania. Baadaye ndipo kampuni ikageukia kutuma fedha kutoka Ulaya na Marekani kuja Afrika, na Julai 2024 ikatangaza kupata dola milioni 40 za wawekezaji. Wengi wanaikariri hiyo milioni 40. Mimi nakariri kwamba walianza na tabu za mtumiaji wa hapa, na kwamba kati ya mwanzo na habari ya gazetini ilipita miaka saba.

Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, wanajaribu njia nyingine. Kituo cha LakeHub kimekuwepo huko kwa zaidi ya miaka kumi, na chini yake imeanzishwa Zone01, ambako wanafunzi hupewa kazi za kuandika programu na kukaguana wenyewe kwa wenyewe, bila mhadhiri mbele ya darasa. Jambo la maana pale ni huko kukaguana. Mtu anayesomewa programu yake na wenzake watano kila wiki hujifunza kuandika kitu kinachosomeka na kuitetea hoja yake bila kununa, na hivyo viwili ndivyo timu za ng'ambo huanza kuviangalia. Mwanza, yenye SAUT, yenye kampasi za CBE na IFM, haina sababu ya kushindwa kuwakusanya vijana wake namna hiyo mara moja kwa wiki. Haihitaji wafadhili, inahitaji chumba chenye umeme na watu wasiooneana aibu.

Lingine liko kwenye mkataba wa shule. Vijana watatu wakishirikiana, waandike mfumo mmoja badala ya kumi na tano, na wauuze kwa ada ya mwaka badala ya laki tano ya kukata. Shule kumi na mbili zikilipa 600,000 kwa mwaka ni milioni saba na laki mbili. Toa gharama ya seva, toa meseji za wazazi, toa usajili BRELA na usajili wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana sheria ya 2022 inamgusa kila anayehifadhi majina na matokeo ya watoto wa watu. Kinachobaki ukigawa kwa watatu hakitoshi kuishi, lazima niseme hivyo, na kila mmoja atahitaji kitu cha kuongezea: kufundisha jioni, kutengeneza kompyuta, stesheneri ya shemeji. Mwenye shule naye atakataa mara mbili tatu. Atakubali siku mhasibu wake atakapomwonyesha wale watoto arobaini.

Lakini mfumo mmoja ukikaa hewani miaka mitatu, ukibeba fedha za watu, unamlazimisha mwenye nao ajifunze yote ambayo chumba cha Buhongwa hakikuweza kumfundisha: kuhifadhi nakala na kujaribu kuzirudisha, kubadilisha injini gari likiwa linatembea, kujibu simu ya mwalimu mkuu saa kumi na moja alfajiri bila kumtupia lawama mtu wa mtandao. Usaili wa kampuni za nje huwa na hatua kadhaa. Kuna kazi ya kufanyia nyumbani, kuna kuandika programu mbele ya mtu anayekutazama, na mwisho huja mazungumzo ambayo swali lake kubwa ni la aina moja: tueleze siku mfumo wako ulipoanguka, na ulifanya nini. Mwenye mifumo kumi na tano aliyoiacha hana la kusema hapo. Mwenye mmoja aliokaa nao anaweza kuzungumza saa nzima, hata kama Kiingereza chake kinakwaruza, na wasaili hao wamezoea Kiingereza cha kila namna.

Mkataba wenyewe, akiupata, mara nyingi humwita mkandarasi badala ya mwajiriwa. Hauna likizo ya kulipwa, hauna bima wala NSSF, na unaweza kuvunjwa kwa notisi ya wiki mbili. Kodi atajilipia, pensheni atajiwekea, laptopu ikifa ni yake. Kwa kiasi cha fedha kilichoandikwa kwenye ukurasa wa pili, wengi huusaini siku hiyo hiyo.